Strungi ya Sakina

Kwa miaka thelathini na minane nimekunywa chai bila maziwa nyumbani kwa bibi yangu, na si kwa sababu ya ugonjwa wala umaskini. Bibi ana ng'ombe. Amekuwa nao tangu nipate akili, na mimi ndiye ninayewatibu, maana kazi yangu ni mifugo. Watu wananiita daktari, ingawa cheti changu kinasema kitu kidogo zaidi. Wajukuu wengine wakifika kwake, kule mlimani juu ya Fort Ternan, wanamiminiwa chai nzito ya maziwa na mursik, maziwa yetu ya kuganda, baada yake. Mimi nawekewa kikombe changu peke yangu: strungi, tangawizi, sukari tele. "Wewe hunywi ya maziwa," ananiambia, "sijasahau." Nilipokuwa mdogo nililia kwa hilo. Baadaye nikaelewa kwamba hakuwa akizungumza na mimi. Alikuwa akizungumza na mtu ambaye jina lake nimelibeba, mtu aliyekunywa strungi tu.

Kwetu sisi Wakipsigis, mtoto akizaliwa, wamama wazee humkalisha na kumwitia majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine, huku wakimgusisha ugoro puani. Jina atakalolipigia chafya ndilo lake, kwa kuwa huyo aliyetajwa ndiye aliyerudi. Tunaita kurenet. Siku hizi wengi wanaona haya kulitaja mbele ya mchungaji, lakini nenda ukasikilize jikoni siku mama anaporudi na mtoto kutoka hospitali ya Longisa, utasikia majina yanaitwa.

Mimi niliwatesa. Waliita watu wote wa upande wa baba, nikanyamaza. Wakaita wa upande wa mama. Wakafika mpaka kwa mjomba mmoja aliyekuwa mwizi wa ng'ombe, ambaye hakuna aliyetaka arudi. Nasimuliwa kwamba niliwatazama tu, macho makavu, na ugoro ukaanza kuwapigisha chafya wao wenyewe. Hatimaye kogo, ndivyo tunavyomwita bibi, kwa uchovu na hasira, akataja jina ambalo halikuwa la ukoo wetu, wala la kabila letu, wala la dini yetu. Alisema: Sakina. Nikapiga chafya mara mbili.

Sakina alikuwa mke wa mfanyakazi wa reli, Mwislamu, aliyeishi katika nyumba za stesheni pale chini. Kogo alipomzaa baba yangu alishikwa na homa akalazwa kwa muda mrefu, na mtoto akayakataa maziwa ya ng'ombe. Kila akinyweshwa, anatapika. Babu akateremka mlima na kichanga kinachopiga kelele mpaka stesheni, kwa sababu alisikia kuna mama mgeni pale anayenyonyesha. Sakina hakuuliza maswali. Alimpa binti yake titi moja, baba yangu la pili. Alimnyonyesha miezi minne, na hata kogo alipopona, mtoto aliendelea kushinda huko chini. Alipoanza kusema, alimwita Sakina mama. Kogo hakumwita chochote.

Basi wivu ukamla kogo. Mume wa Sakina alipopata uhamisho, Sakina alipanda mlima kuja kumuaga mtoto. Kogo alimwona tangu akiwa mbali, akamchukua baba yangu, wakati huo wa miaka miwili, akamfungia ndani ya ghala la mahindi. "Ameenda kwa shangazi yake Longisa," akasema. Sakina alisimama uani kwa muda, akaacha kofia ndogo nyeupe aliyoishona kwa mkono wake, akateremka. Kesho yake akapanda treni. Miaka mingi baadaye mtu wa reli alipita akasema yule mama wa stesheni amekufa, na hivyo ndivyo jina lake lilivyoingia katika orodha ya wanaoweza kuitwa.

Hadithi hii niliijua kabla sijajua kusoma, kwa sababu kila nilipomtembelea kogo aliniomba msamaha. Chai ikiisha, alinisogelea, akanishika goti, akasema, "Yule mtoto nilimficha. Umenisamehe?" Nami, mdomo umejaa mahindi ya kuchemsha, nilijibu, "Nimekusamehe." Sijui mtoto wa miaka sita ana mamlaka gani ya kusamehe jambo la namna hiyo, lakini nilisamehe, tena na tena. Baba yangu mwenyewe alikuwa akisikia, akiinuka na kutoka nje. Alikufa kwa ugonjwa wa kifua nikiwa darasa la sita. Kogo hakuacha. Nilipokuwa mtu mzima nilikuwa nalisema neno hilo huku nikitafuta funguo za pikipiki.

Maana jambo jingine la kusema ni kwamba mimi sikai. Ni kiguu na njia. Mume wangu husema akitaka kuzungumza na mimi lazima anipigie simu hata kama niko jikoni. Asubuhi niko Sigowet, mchana niko bondeni kwenye miwa, jioni nimeitwa mahali ng'ombe amekwama kuzaa, na nikilala bado miguu inatembea chini ya blanketi. Kanisani nakaa karibu na mlango. Kogo alikuwa na maelezo yake: "Ni reli hiyo. Ulikuwa mtu wa treni." Nami niliamini. Inapendeza kuwa na mtu wa kulaumiwa.

Mwaka huu binti yangu alirudi na kazi ya nyumbani, zile kazi za siku hizi ambazo mwalimu huwapa watoto ili wazazi wazifanye: aeleze maana na asili ya jina la mzazi mmoja. Baba yake alijilaza kitandani na kukoroma kwa makusudi. Nikabaki mimi. Nikagundua, kwa aibu, kwamba nimeitwa Sakina maisha yangu yote na sijui maana yake. Nilimjua mtu. Jina sikulijua.

Kila mwezi naenda Kericho kununua dawa, na karibu na duka la dawa kuna Mwislamu mmoja mzee kidogo anayeuza vitambaa. Nimepita mbele ya duka lake miaka mingi bila kuingia. Siku hiyo niliingia na gambuti zangu zenye matope, nikamuuliza maana ya jina langu.

"Wewe ni Mwislamu, madam?"

"Hapana. Mimi ni mtu wa kanisa. Nimepewa tu."

Alicheka, akaacha mkasi. "Sakina ni Kiarabu. Ni ule utulivu Mungu anateremsha kwa roho ya mtu wakati ameogopa sana. Sio utulivu wa kulala. Watu wako vitani, wanatetemeka, halafu roho inashuka, inakaa. Hiyo ndiyo sakina, na iko kwa Kurani. Hata mjukuu wa binti yake Mtume aliitwa hivyo. Na ukisema maskani, mahali mtu anakaa, ni neno la nyumba hiyo hiyo."

Niliangua kicheko. Mimi, utulivu! Nilikuwa nimesimama kwa mguu mmoja, ule mwingine tayari uko mlangoni.

"Unacheka nini?" akauliza. "Ni jina zuri. Shangazi yangu anaitwa hivyo. Mume wake alikuwa wa reli, waliwahi kukaa hapo Fort Ternan zamani sana."

Nilimwambia yule mama alikufa. Akanitazama kwa mshangao. "Alikufa lini? Ako hapo nyuma ya msikiti. Nimemwacha saa hizi anakunywa uji. Alikuja kukaa na sisi mzee wake alipofariki Kisumu, miaka nane sasa."

Nikaangusha dawa. Miaka minane. Mara mia hivi nilikuwa nimepita hapo na pikipiki yangu. Nilipouliza habari za kifo chake, mwenye duka ndiye aliyenipa jibu: mama aliyehamia ile nyumba ya stesheni baada yao ndiye aliyefariki. Mtu wa reli alisema "yule mama wa stesheni", na watu wetu wa mlimani walimjua mmoja tu.

Sikwenda kumwona. Nitalisema wazi: niliogopa. Nilipanda pikipiki nikarudi, na kwa siku kumi na moja sikupata mahali pa kuweka mwili wangu. Kuita jina la mtu aliye hai katika kurenet si kosa dogo. Wazee husema ni kumvuta mtu kaburini kabla ya siku zake. Kogo akijua, si moyo utamsimama? Na je, misamaha yote ile? Nilikuwa nimeitoa kwa niaba ya mtu ambaye hakunituma. Halafu kulikuwa na mimi. Ikiwa mwenyewe yuko hai anakunywa uji Kericho, mimi niliyerudi ni nani aliyerudi? Nilimdunga ng'ombe wa watu sindano mara mbili siku moja kwa kusahau. Binti yangu aliandika maana ya jina, akapata alama nzuri, akaniuliza kwa nini nimenuna.

Siku ya kumi na mbili nilienda kwa kogo kutibu ndama. Alikuwa ametoka hospitali ya Longisa wiki iliyotangulia, presha ilipanda, miguu imevimba, na nilimwona amepungua ndani ya sweta lake. Akaniwekea strungi. Nikanywa. Akanishika goti.

"Yule mtoto nilimficha. Umenisamehe?"

Nilifungua mdomo, neno halikutoka. Neno nililolisema tangu nina meno ya utotoni liligoma. Kogo akasubiri. Kisha akaondoa mkono wake taratibu, na uso wake ukawa wa mtu aliyesukumwa nje ya nyumba. Sikuweza kuvumilia kumtazama hivyo, nikamwambia yote, haraka, bila kupumua: duka, shangazi, uji, miaka minane.

Nje ndama alilia. "Nimemwita mtu aliye hai," akasema. Akashika kichwa kwa mikono miwili. Nilidhani ndiyo mwisho, nikatafuta zile dawa zake za presha juu ya kabati. Nilipogeuka alikuwa amesimama, ameshikilia meza.

"Niletee viatu," akasema.

"Kogo, ni jioni. Tutaenda kesho."

"Basi nitalala navyo."

Na alilala navyo. Asubuhi nilikodi gari la jirani. Kogo alikaa mbele na mkoba mapajani, na mimi nyuma nikawa nafungua dirisha na kulifunga mpaka dereva akanikaripia.

Sakina alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki mbele ya chumba chake, ushungi mweupe, mikono mapajani, macho yana ukungu wa uzee. Sijawahi kuona mtu aliyekaa namna ile. Hakuwa anasubiri kitu. Nilimwangalia nikijitafuta, na sikuona hata chembe yangu.

Kogo alisimama mbele yake. Kiswahili chake ni cha sokoni, na siku hiyo hata hicho kilimponyoka. "Ni mimi," akasema. "Mama ya ule mtoto ya Fort Ternan."

Sakina aliinua uso. Akanyoosha mikono hewani mpaka ikamshika kogo mikono, akaivuta, akaipapasa vidole kimoja kimoja. "Umekonda, mama," akasema. "Ulikuwa na mikono ya kulima."

Kogo akanisukuma mbele. "Huyu ni mjukuu wangu. Anaitwa Sakina. Walituambia umekufa, nikaita jina yako, akapiga chafya. Nisamehe, sikujua uko mzima."

Ilibidi nimweleze kurenet kwa kirefu. Alipoelewa alicheka mpaka ushungi ukaanguka. "Kumbe mlinizika bila sanda! Na wewe, mwanangu, mbona hukai? Nasikia viatu vyako vinakwaruza." Nikamwambia sijawahi kukaa. Akapiga magoti yake makofi. "Basi ni wewe uliyenichukulia miguu! Hii yangu imekataa kazi. Tembea tu, unanitembelea." Halafu akasema baba yake alimpa jina hilo akiwa amechoka kufunga mizigo, stesheni baada ya stesheni, kutoka pwani mpaka bara. Alitaka Mungu awape mahali pa kutua. "Naye akanioza kwa mtu wa reli," akasema, akacheka tena. Nilimpenda palepale.

Kisha akauliza, kwa sauti ile ile ya furaha, "Na mwanangu yuko wapi? Mbona hamkuja naye?"

Kogo alinitazama. Nilijua anataka nimsemee, na nilitaka kutoka nje, kwenda popote, hata kuhesabu magurudumu ya gari. Nikashika mgongo wa kiti nikabaki.

"Alikufa," kogo akasema. "Miaka ishirini na sita. Ni kifua."

Sakina alisema maneno ya msiba ya dini yake, polepole, akajipangusa uso kwa viganja. Kogo akafungua mkoba, akatoa ile kofia nyeupe, ambayo sasa ilikuwa ya rangi ya chai, akaiweka mapajani pa Sakina.

"Ile siku ulikuja, hakuwa Longisa. Nilimficha kwa stoo ya mahindi."

"Nilijua," Sakina akasema. "Nilimsikia analia."

"Ulisikia? Na ukaenda?"

"Ningemwona, nisingepanda treni ile. Mume wangu angeondoka peke yake. Ulinisaidia, mama, ingawa hukutaka. Hilo la ghala nilikusamehe kabla hatujafika Muhoroni."

Nilipumua. Nilidhani yamekwisha. Hicho ndicho tulichokuwa tumekifuata, miaka yote, na nilimgusa kogo bega ili twende. Hakuinuka. Alikuwa anatikisa kichwa.

"Bado," akasema. "Iko ingine. Hata huyu sijawahi kumwambia." Akanionyesha kwa kidevu. "Kila treni ikipita, mtoto alikuwa anakimbia mpaka kwa reli. Anaangalia madirisha yote. Ikienda, anangoja ingine. Nilimchapa, hakuacha. Mpaka akakuwa kijana mkubwa, anaenda tu. Siku moja akaniuliza kwa nini ule mama alienda bila kumuaga. Nikamwambia hukutaka. Nikasema ulikataa kupanda kwetu juu. Hapo ndipo akaacha kwenda kwa reli. Lakini kukaa, hakukaa tena."

Nilimkumbuka baba. Nilimkumbuka akiinuka kila kogo aliponishika goti, akitoka nje, akizunguka boma bila kazi yoyote, akirudi chai imepoa. Nilidhani alichukia ushirikina. Hasira ilinipanda mpaka masikioni, na nilimchukia kogo kwa nguvu zangu zote, yeye na sweta lake na miguu yake iliyovimba ndani ya viatu alivyolala navyo.

Sakina aliishika ile kofia kwa muda mrefu. Aliingiza ngumi ndani yake, akaizungusha, kama anayepima kichwa.

"Hilo sikuwa nalijua," akasema mwishoni. "Hilo ni la leo. Niachie nikae nalo kidogo, mama. Uje Ijumaa ijayo."

"Nitakuja," kogo akasema.

Njiani nilikaa nyuma. Sikulifungua dirisha. Dereva aliniuliza kama ninaumwa.

Tulipofika, kogo alikataa nimsaidie. Aliwasha moto mwenyewe, akaketi chini kwa taabu, akasikiliza sufuria. Nilikaa kwenye kigoda changu cha siku zote, nikimtazama mgongo, nikitafuta neno la kumuumiza nalo. Alimimina, akanigeukia, akanipa kikombe kwa mikono miwili. Ilikuwa chai ya maziwa.

"Nimekunyima miaka yote hii," akasema. "Nilidhani wewe ni yeye. Kumbe wewe ni mtoto wa mwanangu tu." Hakunishika goti. Aliketi kwenye kigoda kingine, mbali kidogo, mikono mapajani. "Yule mama amesema nimngoje. Na wewe je? Mwanangu hayupo wa kuulizwa, wewe ndiye umebaki. Nilimdanganya baba yako. Umenisamehe?"

Maisha yangu yote nilikuwa nimejibu swali hilo kabla halijaisha. Sasa liliulizwa kwangu. Nilikunywa. Chai ilikuwa nzito, tamu, na ya moto, na ilikuwa na harufu ya ng'ombe ninaowajua kwa majina. Nilikunywa polepole mpaka chini, naye akangoja, na mimi nikakaa.

"Bado, kogo," nikasema. Nikamnyooshea kikombe. "Niongeze."